Faini ya Njia Nyembamba: Kabla Hujalipa, Rudi Barabarani

Karatasi ina picha ya gari lako likionekana kwa nyuma, namba zinasomeka bila shida, na chini yake imeandikwa pauni 160. Ukilipa ndani ya siku 14 ni nusu, pauni 80. Wengi wetu tuliokuja Uingereza tukitokea Dar, Mombasa, Unguja au Bujumbura, tukiipata karatasi hiyo hufanya moja kati ya mambo mawili. Yuko anayelipa jioni hiyohiyo, kwa sababu alikotoka kubishana na mwenye mamlaka kulimwongezea matatizo. Yuko na anayeitia kwenye droo ya jikoni chini ya bili za umeme, akisubiri isahaulike. Wote wawili nawaomba wakae nami kidogo, hasa yule aliyepigwa picha pale barabara inapobanwa kwa nguzo mbili za chuma na kibao cha duara jekundu kilichoandikwa futi 6 na inchi 6.

Ninayoyaeleza hapa ni ya London. Kwa miji mingine ya England na Wales utaratibu unafanana, na penye tofauti nitasema.

Vizuizi hivi vimewekwa kwa sababu ya haki. Mtaa wenye shule na nyumba za watu ukigeuzwa njia ya mkato ya malori, mtoto wa mtu ndiye anayeumia. Kwa hiyo halmashauri hubana barabara: upande wako pengo jembamba kati ya nguzo, upande wa wanaokuja pengo jingine kama hilo, na mara nyingi katikati huachwa njia pana kwa ajili ya mabasi, zimamoto na ambulensi. Pale Watford, kaskazini ya London, iko barabara iitwayo Woodmere Avenue ambayo imejulikana nchi nzima kwa video za magari yanayogonga nguzo zake. Aliyeziona video hizo anakuwa na hofu. Anafika kwenye pengo na gari dogo tu, anaona kama halitapita, anasita, walio nyuma wanapiga honi, anakata usukani na kupita katikati. Kamera imeelekezwa hapohapo katikati.

Ndiyo maana kazi yako ya kwanza ni kusoma umeshtakiwa nini hasa. Usisome pesa tu. Kwenye karatasi kuna namba ya kosa, tarakimu mbili, pengine na herufi moja baada yake. Watu wengi hushangaa kukuta kwamba karatasi haisemi chochote kuhusu upana. Ukiona 32, unadaiwa hukufuata mshale mweupe kwenye duara la bluu, yaani ulipita upande usio wako wa kibao. 33 ni kutumia njia iliyotengwa kwa magari maalumu, kama mabasi. 51 ni kuingia penye alama ya usiingie, ile nyekundu yenye mstari mweupe. 52 ni kuingia pahali ambapo aina fulani ya magari imekatazwa. Kila namba ina kibao chake, na utetezi wako utakuwa juu ya kibao hicho, si kingine.

Binamu yangu alijifunza hili kwa gharama. Alikuwa akimhamishia rafiki yake makochi kwa vani kubwa aina ya Transit, akakutana na nguzo, akapita katikati. Karatasi ikaja ikiwa na namba 32. Akaandika barua ndefu yenye uchungu: gari langu ni pana, lisingepita kwenye pengo, mlitaka nifanye nini? Aliona anajitetea. Kumbe aliyoyaandika yalikuwa kukiri makosa mawili: kwamba alipita upande usioruhusiwa, na kwamba gari lake halikupaswa kuwa kwenye barabara ile. Bodi ya Transit ile ni milimita 2,059 bila vioo. Futi 6 na inchi 6 ni milimita 1,981. Halmashauri, ambayo sitaitaja, ilimjibu kwa aya mbili na kumkatalia.

Kuhusu upana wenyewe, ujue hesabu yake. Kisheria hupimwa bodi ya gari, vioo vya pembeni havihesabiwi. Lakini nguzo haijui sheria, kwa hiyo vikunje vioo kabla ya kupita. Toyota Noah ile ya zamani iliyojaa mitaani Dar ina bodi ya sentimita 169 na nusu. Pale kwenye futi 6 na inchi 6 inabakiza kama sentimita 14 kila upande, upana wa kiganja na zaidi. Ingia taratibu, magurudumu yakiwa yamenyooka kabla hujafika, na utapita. Mwenye Transit Custom, ambayo bodi yake kwa miaka mingi ilikuwa milimita 1,986, huyo amezidi kwa milimita tano tu, na kwa macho hawezi kujua. Ukiendesha vani kwa kazi, andika upana wa bodi kwa futi na kwa mita kwenye kipande cha karatasi, ubandike karibu na usukani. Kitabu cha gari kinao.

Baada ya namba ya kosa, tafuta tarehe: ya tukio, ya notisi, na ya siku uliyoipokea. Notisi ya kosa la aina hii inatakiwa ikufikie ndani ya siku 28 tangu tukio, isipokuwa pale ofisi ya usajili wa magari ilipochelewa kutoa jina lako. Tunza bahasha pamoja na karatasi, maana muhuri wa posta ni ushahidi. Kisha unazo siku 28 za kulipa au kuwasilisha utetezi. Usifanye vyote viwili. Ukilipa, kesi imefungwa, na hutapata pa kulalamikia tena. Hapa ndipo wanapokwama wanaosema nitalipa kwanza halafu nidai pesa zangu.

Sasa fungua video. Kwenye karatasi pana anwani ya tovuti; utaingiza namba ya notisi na namba ya gari, na utaiona safari yako yote ya sekunde chache. Ihifadhi papo hapo, au irekodi kwa simu nyingine, kwa kuwa haikai mtandaoni milele. Itazame mara ya kwanza kama kawaida. Mara ya pili sahau gari lako kabisa, tazama vibao. Simamisha picha kila sekunde.

Nilikaa na binamu yangu mezani tukafanya hivyo. Sekunde ya nne, gari lake lilikuwa limeshafika, na kile kibao cha bluu chenye mshale, ambacho ndicho alichoshtakiwa kukikaidi, hakikuonekana kama duara. Kilionekana kama mstari, mfano wa sarafu iliyosimama kwa ukingo wake. Gari fulani lilikuwa limekigonga siku za nyuma kikazunguka juu ya nguzo, kikawa kinautazama ukuta wa nyumba badala ya dereva. Mshale haukuwa ukimwambia mtu yeyote kitu. Hilo halikuwemo kwenye barua yake, kwa sababu alipokuwa akiiandika alikuwa akifikiria makochi na honi.

Utetezi wa faini hizi uko barabarani. Kwa hiyo rudi pale, na urudi haraka, kabla kibao hakijarekebishwa na miti haijapukutisha majani. Nenda saa ileile, ukitokea upande uleule. Mwombe mtu akae kiti cha abiria apige picha na video, wewe shika usukani tu. Anzeni mbali, kwenye makutano ya mwisho ambapo mtu mwenye gari pana angeweza bado kugeuza, maana swali kubwa ni hilo: je, dereva alionywa mapema akiwa na njia nyingine, au alijulishwa akiwa ameshafika kwenye nguzo na foleni nyuma yake? Angalia kibao cha onyo kama kimefunikwa na matawi. Kama ni usiku, angalia kama taa yake inawaka. Angalia rangi iliyochorwa kwenye lami kama imefutika, kama kuna matengenezo yaliyoondoa alama, kama lori lililoegeshwa linaziba. Kisha egesha mahali salama, urudi kwa miguu na futi kamba. Pima pengo kati ya nguzo pale barabara ikiwa tupu, mwenzako akiangalia magari, na upige picha futi kamba ikiwa imenyooshwa na tarakimu zinasomeka. Pengo likiwa finyu kuliko kibao kinavyosema, una hoja nzito, na kama gari lako limekwaruzwa, hapo una dai jingine la matengenezo ambalo ni mbali na faini.

Sheria inayobeba hoja yako ni kanuni ya 18 ya kanuni za mwaka 1996 za utaratibu wa amri za barabara, inayoitaka halmashauri iweke na itunze alama zinazowapa watumiaji wa barabara taarifa ya kutosha. Maumbo na vipimo vya alama viko kwenye kanuni za alama za barabarani za mwaka 2016. Lakini usidanganywe na wanaokwambia kosa dogo la kipimo linafuta faini. Mwamuzi huuliza swali la kawaida: dereva makini, kwa jumla ya alama zilizokuwepo, angeelewa au asingeelewa? Kibao kilichopauka kidogo hakitakuokoa. Kilichogeuka nyuma kinaweza.

Omba pia nakala ya amri yenyewe ya barabara, ile hati iliyoweka zuio. Ni haki yako kuiomba. Soma jina la barabara, saa za zuio, na walioruhusiwa. Madereva wenzetu wa teksi za kuitwa kwa simu, hapa sikilizeni vizuri: kibao kikiruhusu teksi, maana yake ni zile teksi nyeusi zenye leseni ya kuchukua abiria barabarani. Gari lako la abiria wa programu, hata liwe na leseni ya TfL, mamlaka ya usafiri ya London, iliyobandikwa kioo cha nyuma, halimo. Nimeona wengi wakiandika utetezi wote juu ya neno hilo moja wakashindwa.

Na kama gari ni la kukodi, usikubali kampuni ilipe halafu ikukate wewe pamoja na gharama yake ya ofisi. Faini ikishalipwa na kampuni, haki yako ya kupinga imekwenda nayo. Waandikie siku unayopata taarifa, uwatake wakuhamishie notisi kwa mujibu wa mkataba wa kukodi. Itatolewa upya kwa jina lako, na siku zako zitaanza kuhesabiwa.

Kuandika sasa. Andika kwa Kiingereza chepesi, au mwombe mwanao akusaidie, lakini mawazo yawe yako. Sheria ina sababu zake chache: kwamba kosa halikutendeka, kwamba gari halikuwa lako siku ile, kwamba liliibwa, kwamba lilikuwa la kukodi na mkodishaji ana mkataba, kwamba kiasi kinachodaiwa kimezidi kinachoruhusiwa. Nje ya London imo pia kwamba halmashauri ilivunja utaratibu. Kibao kilichogeuka kinaingia kwenye ile ya kwanza, kwa sababu pasipo alama inayoonekana hakuna amri iliyokaidiwa. Taja sababu hiyo kwenye mstari wa juu kabisa. Kisha eleza kwa mfuatano: tarehe, saa, ulitoka barabara gani, uliona nini, hukuona nini, picha namba moja inaonyesha nini. Nusu ukurasa hadi ukurasa mmoja unatosha. Usiseme ramani ya simu ilikupeleka, kwa sababu ramani haina mamlaka juu ya kibao. Usiseme hukujua. Usitukane.

Kama una sababu ya kibinadamu, mathalani ulikuwa unaipisha ambulensi au ulikuwa na mgonjwa garini, iseme hatua hii na uambatishe karatasi ya hospitali. Halmashauri ina uwezo wa kufuta faini kwa huruma. Mwamuzi huko mbele hana. Watu huliweka hili akiba kwa ajili ya mwamuzi wakidhani yeye ndiye mwenye moyo, na yeye anabaki kuwaambia kwamba anawaelewa lakini mikono yake imefungwa na sheria.

Tuma ndani ya siku 14 ukiweza. Halmashauri nyingi, zikikataa utetezi ulioletwa mapema, hukupa tena nafasi ya kulipa nusu. Ukikataliwa utapewa barua ya kukataliwa na maelekezo ya rufaa, na hapo una siku 28 nyingine.

Hapa piga hesabu kwa utulivu. Rufaa London inakwenda London Tribunals, kwa waamuzi wasio waajiriwa wa halmashauri, na kuifungua ni bure. Nje ya London inakwenda Traffic Penalty Tribunal, nayo bure. Ukishindwa utalipa 160 badala ya 80, kwa hiyo unachoweka mezani ni pauni 80. Mimi ningeziweka kama nina picha inayoonyesha alama haikuonekana. Kama nilichonacho ni hasira tu, ningelipa nusu nilale. Nje ya London kiasi ni kidogo zaidi, pauni 70 na nusu yake 35, na muda wa nusu ni siku 21 kwa faini za kamera. Huko, kwa upande wa England, halmashauri zilianza kupewa uwezo huu tangu Mei 2022, na mwongozo wa serikali unazitaka, katika miezi sita ya mwanzo ya kamera mpya, zimtumie anayekosea mara ya kwanza barua ya onyo badala ya faini. Ukipata faini kwenye kamera iliyowekwa juzi, uliza ilianza kazi lini.

Baadhi ya kesi huishia hapo, kwa sababu halmashauri haitaki kuendelea na inaiacha. Ikiendelea, itatuma furushi lake la ushahidi kwa mwamuzi na nakala kwako. Lisome lote. Katika furushi la binamu yangu zilikuwemo picha tatu nzuri za kibao cha bluu kimesimama sawasawa, kinang'aa. Tukatafuta tarehe. Mbili hazikuwa na tarehe, ya tatu ilikuwa ya mwaka mmoja kabla ya tukio. Zilikuwa picha za akiba, zinazotumwa kwa kila anayelalamika. Tukaandika mistari minne tu: picha hizi si za siku ile; ya siku ile ni video yenu wenyewe, sekunde ya nne.

Shauri unaweza kuchagua liamuliwe kwa maandishi, au uzungumze na mwamuzi, na unaruhusiwa kuwa na mtu wa kukusemea. Mimi napendelea mazungumzo pale ambapo ukweli wako unategemea kuaminiwa. Mwamuzi wa binamu yangu alikuwa mama mwenye sauti ya taratibu. Aliicheza video, akairudisha, akaisimamisha. Akauliza swali moja: ulipokaribia, kibao kilikuwa upande gani wa macho yako? Binamu akajibu kwamba hakukiona hadi alipoonyeshwa nyumbani. Hakuongeza neno. Rufaa ikakubaliwa, ingawa mwamuzi alimkumbusha kwamba vani ile haikupaswa kuchukua barabara ile na angeweza kushtakiwa kwa zuio la upana lenyewe. Maamuzi ya waamuzi huwekwa kwenye daftari la wazi mtandaoni; kabla ya rufaa tafuta jina la barabara yako humo. Uamuzi wa zamani haumfungi mwamuzi mpya, lakini ukikuta watu watano wameshinda kwenye nguzo zilezile, ambatisha maamuzi yao.

Limebaki la mwenye droo. Karatasi isipojibiwa hupanda kwa nusu, 160 inakuwa 240. Ikiendelea kunyamaziwa, deni husajiliwa mahakamani Northampton, na baada ya hapo huja madalali wa mahakama wenye uwezo wa kulifunga gari lako gurudumu. Nikiwasikiliza waliofika huko, wengi si wakaidi. Walihama. Walitoka chumba cha Barking wakaenda Croydon, na kadi ya gari ikabaki na anwani ya Barking, barua zote tano zikaenda kwa mtu asiyewajua.

Kama ndivyo ilivyokukuta, usigombane na dalali mlangoni, hana uwezo wa kufuta kitu. Wasiliana na mahakama ile ya Northampton, uombe fomu ya kutamka kwamba hukupokea notisi. Kwa faini za London za aina hii ni tamko la kiapo, na ukienda kuapa kwenye mahakama ya kaunti hutozwi. Tamka kweli tupu, kiapo cha uongo ni jinai. Fomu ikikubaliwa, haifuti faini. Inarudisha mambo nyuma ili upewe notisi upya na nafasi ya kujitetea, kwa bei ya mwanzo. Mtumie dalali nakala siku hiyohiyo.

Na kama umehama hivi karibuni, toa kadi ya gari sasa hivi uangalie anwani. Kuibadilisha ni bure, inafanyika mtandaoni kwa simu, na kutoibadilisha kuna faini yake hadi pauni 1,000.